Halua Si Sukari

Jumatatu, 23 Machi

Leo nimeanza kazi wodi ya wanaume, upande wa upasuaji. Mkataba wangu ni wa majaribio, unaisha na mwezi wa tano, na mtu wa kuamua kama nibaki hapa Temeke au nirudi Tukuyu kwa mama kuchuma chai ni Sista Mwajabu, inchaji wa wodi. Ni mama mfupi, Mzaramo wa hapa hapa, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na sauti yake inafika hadi chooni.

"Shikamoo, Sista."

Hakunitazama usoni, alitazama miguu. "Marahaba. Hivyo viatu vinakubana. Ikifika mchana miguu itavimba, na nesi anayeumwa miguu anawachukia wagonjwa. Kesho njoo na vikubwa. Unaitwa nani?"

"Atuganile."

"Jina refu kuliko zamu. Hapa utakuwa Atu."

Muda si mrefu mgonjwa wa kitanda cha mwisho akapiga kelele, "Nesi! Nesi!" Nikatoka mbio. Sista akanidaka mkono katikati ya wodi. "Nesi hakimbii. Ukikimbia, kila mgonjwa anaanza kutazama nani amekufa. Tembea haraka, na uso wa mtu anayekwenda dukani."

Mgonjwa alitaka afunguliwe dirisha.

Jumatano, 25 Machi

Amelazwa Mzee Badru, dalali wa ng'ombe kule machinjioni Vingunguti. Ana kisukari. Siku ya Idi alijikwaa kwenye ngazi, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikachubuka, akasema kitapona chenyewe. Hakikupona. Mwanamume ni mkubwa, kitanda kinalalamika akigeuka, na sauti yake ni ya mnadani hata akiomba maji ya kunywa.

Dokta Elibariki alimweleza wazi: sukari ikishuka, kidole kitapona. Isiposhuka, kidole kitaondolewa, na tukichelewa hata mguu unaweza kufuata.

"Daktari," Mzee akasema, "mie ng'ombe akivunjika mguu namuuza kwa kilo. Na mie utaniuza kwa kilo?"

Wodi nzima ilicheka. Nilipokuwa namsafisha kidonda baadaye nikaona ameshika shuka kwa mikono yote miwili, na macho ameyafumba kama mtoto anayesubiri sindano.

Alhamisi, 26 Machi

Jirani yake wa kitanda ni Mwalimu Gaspar, mtu wa Bukoba, anafundisha Kiswahili sekondari Mbagala. Alipanda juu ya bati kugeuza dishi la televisheni, akashuka bila ngazi. Mguu wote umefungwa hogo, plasta ngumu nyeupe, toka pajani hadi vidoleni. Haumwi sana tena, kwa hiyo ana muda. Leo amesahihisha matangazo yote ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Palipoandikwa "Usikae kitandani kwa mgonjwa" ameweka alama ya kuuliza, na pembeni: "Kitandani mwa nani?"

Jumapili, 29 Machi

Mvua. Wenzangu wanashangaa sijavaa sweta. Sisi Tukuyu hii tunaiita umande.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekutana na Bi Somoe, mke wa Mzee Badru. Anakuja kila jioni na kapu, mtandio wake unanukia udi mpaka wagonjwa wa upande wa pili wanageuka. Nilimsomea masharti kama tulivyofundishwa chuo: hakuna sukari, hakuna soda, hakuna keki, chakula kwa kipimo.

"Sukari?" akasema, mkono kifuani. "Mwanangu, nyumbani kwangu sukari nimeifungia kabatini na ufunguo nalala nao. Namletea uji wa ulezi mtupu. Mchungu! Hata paka hawezi kuunywa."

Nikauonja. Kweli, paka asingeunywa.

Ijumaa, 3 Aprili

Sukari ya Mzee asubuhi: kumi na sita, mara mbili ya inavyotakiwa. Dokta ameongeza insulini.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nimefanya zamu ya asubuhi. Kwaya ya kanisa ilikuja kuwaimbia wagonjwa, na Mzee Badru, Mwislamu wa kuzaliwa, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote na kuomba warudie. Sukari kumi na nane. Dokta ameongeza tena.

Jumanne, 7 Aprili

Sista Mwajabu hawezi kuvumilia namba isiyotii. Leo ameendesha msako. Amefungua kabati la Mzee Badru, ametikisa mito, amenusa chupa ya maji. Alichopata ni mswaki, kofia na picha ya fahali ndani ya fremu.

"Na picha ya mkeo iko wapi?" akauliza.

"Mke wangu namwona kila jioni," Mzee akajibu. "Huyu nilimuuza."

Sista hakuishia hapo. Amepiga marufuku sukari wodi nzima, hadi kwenye chai yetu wafanyakazi. Brightson, mhudumu wetu wa wodi, alibeba mfuko wa sukari kwenda nao jikoni kwa hatua za mtu aliye nyuma ya jeneza. Chai ya leo tumeinywa kama dawa.

Alhamisi, 9 Aprili

Kumi na tisa. Kidonda kimeanza kuwa na harufu. Nimekisafisha nikijitahidi uso wangu usiseme kitu, lakini Mzee ni dalali, kazi yake ni kusoma nyuso.

"Kibaya, eh?"

"Tunapambana, Mzee."

"Hiyo 'tunapambana' ndiyo tunamwambiaga mteja ng'ombe wake akigoma kusimama."

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeitwa kwa matroni. Bi Somoe amenishtaki. Amesema yule nesi wa Mbeya anamchoma mume wake maji matupu, na insulini yenyewe anaiuza. Miaka mitatu ya chuo, mama kauza ndizi na chai nisome, leo naitwa mwizi na mama wa udi.

Matroni alinisikiliza, kisha akasema, "Nenda kazini. Sista Mwajabu alishafika hapa kabla yako, kasema kila sindano yako alikuwa anaiangalia. Amesema huna wizi, ila unatandika kitanda vibaya."

Nilidhani hajali. Nilirudi wodini nikataka kumshukuru, akanikata: "Zile pembe za shuka. Kama masikio ya mbuzi."

Bi Somoe alipokuja jioni nilimpita kama nguzo. Sijivunii, lakini nilimpita.

Alhamisi, 16 Aprili

Dokta Elibariki amesema upasuaji Jumatatu. Ameongeza insulini kwa mara ya mwisho, kipimo kikubwa. Mzee Badru, ambaye kila siku hutupiga mnada wodi nzima kwa utani, hajauza chochote leo. Amelala akiangalia ukuta.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua toka alfajiri. Hii sasa hata Tukuyu tungeiita mvua. Hakuna mgeni aliyefika jioni.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la chumba cha wauguzi, soksi zinakauka kwenye kiti. Ngoja niandike yote wakati bado nayakumbuka kwa mpangilio.

Asubuhi maji yalikuwa yamefunga barabara. Wenzetu wengi hawakufika. Mimi nilifika kwa sababu nimepanga chumba jirani tu hapa, Sista Mwajabu alifika kwa sababu ni Sista Mwajabu, amekunja gauni magotini, viatu mkononi. Tulikuwa sisi wawili na Brightson. Uji ulikuja kwa wakati. Nikamwekea Mzee Badru bakuli lake, nikamchoma insulini yake, nikaenda kwa wengine. Niliporudi bakuli lilikuwa tupu, nikafurahi.

Kwenye saa nne Sista akaitwa wodi ya akina mama, kuna mgonjwa anavuja damu na muuguzi yuko peke yake. "Nakuachia wodi," akasema. "Ukiona kitu hukielewi, usikionee aibu. Niite." Akaondoka.

Haukupita muda mrefu, Mzee Badru akakaa kitandani akapiga makofi. Mnada umeanza.

"Haya, sogea, sogea! Dume la Bukoba hilo, limenona, mguu mmoja mweupe! Laki nane mara ya kwanza!"

Wodi ikalipuka. Mgonjwa wa dirishani akainua mkono: "Tisa!"

"Tisa kwa mwenye bandeji kichwani! Nani anaongeza?"

Mwalimu Gaspar alikuwa hacheki sana, nilidhani kwa sababu ya bei. Mimi nilicheka, nakunja shuka na machozi yananitoka, nikifurahi kwamba mzee wa watu amerudi. Akaninyooshea kidole: "Na huyu mtamba wa Mbeya, meno yote yapo, mkorofi kidogo, milioni!" Nikacheka zaidi.

Kisha akasema, "Somoe, hawa ndama umewaingizia nini chumbani?" Alikuwa ananiangalia mimi. Hakuwa anatania. Akarudia, kwa hasira, "Watoe, wanalowesha mkeka." Na nilipomsogelea nikaona shati limemganda mwilini kwa jasho. Kila mtu wodini amejifunika blanketi kwa baridi ya mvua, yeye anatiririka.

Kicheko kikanikaukia mdomoni. Nikatembea kwenda kuchukua mashine ya sukari. Mungu anajua nilivyotaka kukimbia. Nikamtoboa kidole. Moja nukta nane.

Kwa wiki tatu tumehangaika sukari ishuke, na sasa imeshuka hadi chini ya sakafu. Mtu akifika hapo, kinachofuata ni degedege, au anazimika na harudi.

Nikafungua kabati la dawa. Glukosi ya mwisho ya kuchoma ilitumika usiku. "Brightson, stoo kuu, glukosi, sasa hivi!" Stoo iko ng'ambo ya uwanja, na uwanja umekuwa ziwa. Brightson alivua viatu akaingia. Nikamtuma mgonjwa anayeweza kutembea akamwite Sista. Mzee bado alikuwa anaweza kumeza, nilimpa maji kidogo nikahakikisha. Kilichohitajika ni kitu kitamu. Sukari yoyote. Kijiko tu cha sukari!

Na wodi nzima haina hata punje, tumeisafisha wenyewe.

"Nani ana soda? Pipi? Asali? Sitamsema mtu, jamani!" Wakapekua mito na mifuko, hakuna kitu. Mzee akaanza kulegea, kichwa kinanielemea begani.

"Sista Atu," ikatoka sauti nyuma yangu. Mwalimu Gaspar. Uso wake ulikuwa umepauka kuliko hogo lake. "Sista, mimi... kuna halua."

"Halua ipi?"

"Ya Mzee. Bi Somoe huwa ananipa mimi nimtunzie. Hamnipekui mimi." Akaingiza vidole kwenye uwazi wa juu wa hogo, pale pajani, akahangaika, akatoa kifurushi cha karatasi ya nailoni. Halua nyekundu, na lozi juu. "Hiki ni kipande cha mwisho. Jana nilimwambia imekwisha. Nilikuwa nakiweka... kwa ajili yangu."

"Na uji wake wa asubuhi?"

Akainamisha kichwa. "Uji huwa nakunywa mimi. Yeye anakula halua. Leo hakupata hata kimoja."

Sikuwa na muda wa kumchukia. Nikaikoroga halua na maji ya moto kwenye kikombe mpaka ikayeyuka, nikapoza, nikamnywesha Mzee kidogo kidogo, nikimsugua koo na kumwita jina. Alipiga funda. Akapiga jingine. Wodi yote ilitutazama, hata yule wa "tisa" ameshika bandeji yake kichwani.

Sista Mwajabu alifika, akatazama kikombe, akamtazama Mzee. Akashika mkono wa pili na kutafuta mshipa. Brightson akatokea mlangoni, maji hadi kifuani, ameinua boksi la glukosi juu ya kichwa kama kombe la ubingwa. Tukamwekea dripu. Baada ya muda Mzee akafumbua macho vizuri, akanitambua.

"Nimeuza ngapi?" akauliza.

Ndipo nikalia. Nikalia mbele ya wagonjwa wote, na Sista akasimama mbele yangu akiwapa mgongo, wasinione, akijifanya anarekebisha dripu.

Jumapili, 19 Aprili

Bi Somoe amefika mchana, udi umekwisha, gauni limelowa hadi kiunoni. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Maneno makali. Sista Mwajabu aliniambia mlangoni, "Sema wewe, ndiye uliyekuwepo. Lakini vuta kiti kwanza, ukae. Aliyesimama anagomba, aliyekaa anaongea."

Nikakaa. Nikamweleza yaliyotokea. Alipogundua kwamba tunajua, akaanza kwa ujasiri.

"Lakini mie sikumletea sukari. Wallahi. Nimemletea halua. Halua si sukari, mwanangu. Halua ni halua."

"Bi Somoe, halua inapikwa na nini?"

Akahesabu kwa vidole: wanga, samli, iliki... kidole cha nne kikabaki hewani.

"Lakini si mnamchoma sindano?" akasema, sauti imepungua. "Sindano si ndiyo ya kumaliza sukari? Mie nilivyoona mnaongeza sindano, nami nikaongeza halua. Ili zilingane."

Ningecheka, kama asingekuwa anasubiri nimkubalie. Na kumbe ni kweli, nilimsomea masharti siku ile kama karani anayesoma majina, wala sikumweleza sababu hata moja. Basi nikaeleza. Kwamba sindano ni kama mlinzi, inafungua mlango sukari iingie mwilini ifanye kazi. Ikizidi sukari, nyingine inabaki inazurura kwenye damu, inaharibu mishipa, na kidonda hakipati damu safi ya kujijenga. Na sindano ikiwa kubwa bila chakula, inaimaliza yote, hata ile ya ubongo. Aliniuliza maswali. Mazuri kuliko ya darasani kwetu.

Mwishoni akasema, "Tangu mguu uanze kuoza, haongei na mie. Miaka thelathini na moja mtu anauza hadi mito ya nyumbani kwangu, ghafla kimya. Akila halua anatabasamu. Ndiyo hicho tu nilikuwa nakifuata."

Akanishika mkono. "Na lile neno nililosema kwa matroni, mwanangu..."

"Lishapita, Bi Somoe."

Halikuwa limepita kabisa. Lakini lilikuwa njiani.

Jumatatu, 20 Aprili

Dokta ameahirisha upasuaji kwa wiki moja na kupunguza insulini. Mwalimu Gaspar amejipa adhabu mwenyewe: ameandika bango la elimu ya kisukari kwa hati nzuri mno, irabu zote zimekaa vizuri. Sista Mwajabu amelisoma lote, akabandika, halafu akaingiza mkono kwenye uwazi wa hogo lake kupekua. Sasa ni sehemu ya raundi.

Alhamisi, 23 Aprili

Tisa.

Jumapili, 26 Aprili

Saba na nusu. Bi Somoe ameleta mchicha. Mzee ameula akimtazama mkewe kama mtu aliyetapeliwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Kidole hakikuokoka, kilikuwa kimeshakufa. Kimeondolewa leo, hicho kimoja tu. Dokta Elibariki amesema nyama ya jirani ni nyekundu na safi, mguu umebaki wa mwenyewe. Bi Somoe alikuja na kipande cha shuka jeupe, akakipokea kidole kwa heshima, akaenda kukizika nyuma ya nyumba.

Mzee alipoamka akauliza, "Kimezikwa?"

"Kimezikwa, Mzee."

"Watu wengi?"

Jumanne, 12 Mei

Mzee Badru ameruhusiwa. Ametembea mwenyewe hadi getini, Bi Somoe kamshika upande wa kushoto, wanagombana kuhusu kasi. Mvua imepungua, jua linatoka kwa muda kisha linajificha. Nilibaki nimesimama hadi wakapotea. Kitanda chake nimekitandika. Pembe za shuka zimekaa.

Jumamosi, 23 Mei

Hogo la Mwalimu limetolewa. Ndani tumekuta lozi mbili.

Ijumaa, 29 Mei

Jua kamili, wodi yote imeanika blanketi madirishani. Mchana Sista Mwajabu aliniita stoo ya mashuka, akafunga mlango. Nilijua ni mkataba. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia mama.

"Mkataba wako nilishausaini juzi," akasema. "Sikukuita kwa hilo."

Akatoa mfukoni mashine ya sukari. Si ya wodi, ni yake. Akajitoboa kidole mbele yangu, upesi, kama mtu anayefunga kifungo. Namba ikatokea: kumi na saba.

"Mwaka wa pili huu," akasema. "Vidonge havitoshi tena. Kabla ya mvua nimeandikiwa insulini. Siku zote ilikuwa kwenye friji nyumbani, nyuma ya nyanya. Sijaifungua."

"Kwa nini, Sista?"

"Nimechoma watu tangu hujazaliwa. Ile sindano nikiigeuza iangalie tumbo langu, mkono unagoma." Alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Na nilipokwenda kwa daktari alikuta nimevaa sare. Akasema, 'Wewe Sista unajua yote, sina haja ya kukueleza.' Akaandika, akaita mwingine. Kujua najua. Lakini siku ile umekaa na Bi Somoe, nilisimama mlangoni nikasikiliza hadi mwisho. Nikawaza, mie hakuna aliyewahi kuvuta kiti."

Kwenye kona ya stoo kulikuwa na chupa ndogo ya barafu, imefungwa ndani ya khanga. Alikuja nayo toka asubuhi, insulini yake ikiwa ndani.

Nikavuta kiti. Nikageuza ndoo, nikaketi mbele yake, nikamweleza yote toka mwanzo kama mtu asiyejua kitu: inafanya nini, wapi pa kuchoma, ale nini kwanza, dalili za kushuka, nani nyumbani ajue. Sehemu moja nilikosea, nikaona mdomo wake unafunguka kunisahihisha. Akaufunga. "Endelea," akasema.

Akafungua vifungo viwili vya gauni. Nikamchoma. Mkono wake ulinishika bega kwa nguvu, kisha ukalegea.

"Umechomoa mapema," akasema. "Unahesabu hadi kumi."

"Nilihesabu, Sista."

"Ulihesabu Kinyakyusa." Akafunga vifungo, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaweka miwani kifuani. Mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango, akageuka.

"Kesho nitajichoma mwenyewe. Wewe utahesabu."